Kipa Aliyeshika Sikio

Sehemu ya saba

Mliniacha nimekaa kwenye kochi la watu, kikombe cha chai mkononi, macho yameganda kwenye picha ya ukutani. Basi bado nimekaa. Chai imepoa na sijapiga hata funda moja.

Kwa aliyechelewa kuungana nasi: mimi ni fundi wa makochi. Kiwandani nilifukuzwa, mke wa kwanza alinikimbia, karakana yangu ya mwanzo iliungua na makochi ya wateja ndani. Hayo nimeshayasimulia na sina hamu ya kuyarudia.

Nilipoanza upya akaja mwalimu mmoja wa hesabu, anataka viti vyake vinne vibadilishwe vitambaa. Viti vile vilikaa kwangu miezi miwili. Kila alipokuja kuvifuata nilimwambia kitambaa hakijafika, ili apate sababu ya kurudi. Mwisho akaniambia, "Fundi, kama unataka kuniona sema tu, uniachie viti vyangu." Ndivyo tulivyochumbiana.

Siku ile alinipeleka kwao nikajitambulishe. Baba yake ni fundi bomba mstaafu, mjane, mtu wa maneno machache. Walihamia mji huu miezi minane tu iliyopita. Nikaingia, nikatoa shikamoo, nikakaribishwa kiti, nikainua macho. Ndipo nikaiona picha.

Ni timu yetu ya taifa ya miaka ishirini na sita iliyopita, wachezaji kumi na mmoja. Wa kwanza kushoto, mwenye glavu, ni Ukuta. Hilo ndilo jina watu walilompa enzi zake, kabla hawajampa majina mengine. Na mzee aliyekaa mbele yangu akikoroga sukari alikuwa Ukuta yuleyule, mvi kichwa kizima, vidole vimepinda. Mimi nilidhani vimepindishwa na mabomba.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye aibu yangu.

Nchi nzima inajua kwamba Ukuta aliuza mechi. Tulihitaji sare tu, nyumbani, tukacheze mashindano makubwa kwa mara ya kwanza. Dakika ya mwisho Ukuta akashika sikio mara mbili, ishara kwa wapinzani, akauachia mpira upite. Mpaka leo mtu akikuhadaa sokoni watu husema amekushikia sikio. Watoto waliozaliwa juzi wanaijua habari hiyo.

Wanaijua kwa sababu niliisema mimi.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mgeni kiwandani. Saa ya chakula wenzangu walikuwa wanabishana kuhusu mpira na hakuna aliyenisikiliza. Kila nikifungua mdomo mtu ananikatiza. Siku moja wakaigusa mechi ile, wanasema kipa alikuwa mzembe. Nikasema, "Hakuwa mzembe. Mimi nilikuwepo, mabegani kwa mjomba wangu, nyuma ya goli. Nilimwona akishika sikio."

Kwa nini sikio? Kwa sababu siku ile sikio lilikuwa linaniwasha. Hakuna sababu nyingine.

Wote wakanyamaza. Mtu akanisogezea kiti. Tangu siku hiyo jina langu likawa Shahidi, na kila mwaka nikaongeza chumvi kidogo. Mmoja wao akaipeleka redioni, gazeti likaichukua redioni, na mjomba alikuwa ameshafariki, hakuna wa kunikanusha.

Ukweli ni kwamba siku ya mechi nilikuwa kitandani nina surua. Niliisikiliza kwa redio ya jirani kupitia dirishani, betri zikaisha kabla ya mapumziko. Hata goli lenyewe nilisimuliwa.

"Mbona hunywi chai, kijana?" mzee akauliza.

"Nakunywa, mzee."

"Unaitazama ile picha. Binti yangu hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Hapendi mpira, na ana haki. Akiwa sekondari wenzake walikuwa wanamshikia sikio kila akipita. Alihama shule tatu."

Mwalimu alikuwa jikoni anakata mkate. Nikasikia kisu kimesimama kidogo, kisha kikaendelea. Nikahesabu mwaka: miaka kumi na minne iliyopita. Ni mwaka ule nilioanza kusema. Nilitamani sakafu inimeze na kikombe changu.

"Najua umeyasikia yangu," mzee akasema. "Usinifiche."

"Ni maneno ya watu, mzee. Watu wanasema mengi."

"Si maneno tu. Sikio nililishika kweli."

Chai ikanimwagikia mapajani. Ilikuwa imepoa, ndiyo bahati yangu pekee wiki hii.

Mzee hakushtuka. Alinirushia kitambaa, akaendelea kwa sauti ileile ya mtu anayekueleza bomba linavujia wapi. "Kipindi cha kwanza nilipigwa kiwiko, sikio likapasuka ndani. Kipa wa akiba aliumia mazoezini asubuhi na tulikuwa tumeficha. Daktari wa timu akanijaza pamba, akaniambia rudi. Upande ule nikawa kiziwi. Dakika ya mwisho ikaja krosi. Nahodha wetu alikuwa beki, akanipigia kelele niuache ule mpira ni wake. Nikaona mdomo wake unacheza, neno silisikii. Nikashika sikio, nikashika tena, kumwambia sikusikii. Tukagongana. Mpira ukapita katikati yetu."

"Hukuwaeleza watu?"

"Kuumia niliwaeleza. Daktari akakana, angefukuzwa kwa kunirudisha uwanjani. Nahodha akasema yeye aliita. Basi nikaonekana natafuta visingizio. Lakini lile la kushika sikio sikumwambia mtu, hata marehemu mke wangu. Niliona aibu. Miaka kumi na miwili hakuna aliyelijua." Akaweka kikombe chini. "Halafu akatokea mtu akasema aliniona."

Jamani. Nilitunga uongo, kumbe ulikuwa umeshatokea kabla sijautunga.

"Unaelewa maana yake?" mzee akaniuliza, na sasa macho yake yalikuwa yanawaka. "Yule mtu alikuwepo kweli. Kama aliuona mkono wangu, basi damu aliiona pia. Ilikuwa imeshuka mpaka shingoni. Alikuwa mtoto tu, akaelewa vibaya. Watu wote uwanja mzima, na huyo mmoja ndiye anayeweza kunisafisha."

"Unamtafuta, mzee?"

"Kwa nini unadhani nilihamia mji huu? Nilisikia yuko huku. Wanamwita Shahidi."

Mwalimu akaingia na sahani ya mkate, akakaa karibu na baba yake. Akamwondolea uzi begani.

"Mahari mimi sitaki," mzee akasema. "Binti yangu ana mshahara wake na mimi bado nashika spana. Nasikia karakana yako ndipo mashabiki wanapokaa kubishana. Jumamosi tawi la mashabiki linaiaga timu ya taifa inayokwenda mashindano makubwa, na timu yetu ya zamani imealikwa jukwaani. Wameita watu kumi. Timu ina watu kumi na mmoja, kijana. Niletee huyo Shahidi aseme mbele ya watu alichokiona. Akisema, chukua mke."

Nikaitikia. Ningefanya nini? Nilitoka pale nimelowa suruali, najitafuta mwenyewe ndani ya mji.

*

Kesho yake nilikuwa kazini tangu alfajiri, na kila nilichokishika kiliniponyoka. Nilikata kitambaa kifupi. Nikajigonga kidole. Nilikaa, nikasimama, nikatoka nje kutazama barabara, nikarudi.

Mnajua kazi niliyokuwa nayo? Viti kumi vya jukwaani, vitambaa vya rangi za taifa, oda ya tawi la mashabiki. Nilipoipokea, mwenyekiti wa tawi aliniambia wanaume wa zamani watakuwa kumi, na mimi nikajibu, "Kipa akakalie mwamba wa goli." Tulicheka sana.

Mashabiki walifika kama kawaida, wakakalia makochi ya wateja yasiyokamilika. Kwenye kochi jekundu hukaa Mama Soksi, anayeuza soksi barabarani na ana sauti ya kusimamisha lori. Pembeni yake Dereva, mwenye lori lenyewe, la mchanga. Na Kamusi, karani wa posta, ambaye hukaa kwenye kigoda na daftari lenye kila mechi ya timu ya taifa tangu iundwe.

"Kundi letu gumu, lakini tunatoka," alisema Mama Soksi.

"Tunatoka, ndiyo," Dereva akasema. "Mechi tatu, halafu uwanja wa ndege."

"Wewe mzalendo gani?"

"Mzalendo mwenye macho. Kipa wetu mfupi yule."

"Anaruka."

"Panzi naye anaruka."

Kamusi akafungua daftari. "Mechi nane za mwisho amefungwa magoli manne tu. Tatizo letu si kipa, ni winga wa kushoto, hajapiga krosi ya maana tangu mwezi wa pili. Tukipata sare mechi ya kwanza, tunaweza kupita kwa pointi nne."

"Usinihesabie pointi," Mama Soksi akamjibu. "Mimi nimeshanunua tarumbeta. Nawaambia robo fainali tupo."

"Labda wasituuze tena," Dereva akasema, na akashika sikio.

Wakacheka wote. Mimi nilikuwa na misumari midogo mdomoni, ndivyo tunavyofanya kazi sisi, unaishika kwa midomo ili mikono iwe huru na nyundo. Wanajua nikiitema nina neno. Nikaitema kiganjani.

"Mimi sikuwepo," nikasema.

Kamusi akainua kichwa kutoka kwenye daftari.

"Hukuwepo wapi?" Kamusi akauliza.

"Kwenye ile mechi. Sikuwepo. Sikumwona mtu akishika sikio. Nilikuwa nyumbani nina surua."

Dereva alicheka mpaka akashika mkono wa kochi usiogundishwa, ukamtoka. Mama Soksi akapiga makofi. "Hapo umefanya vizuri, Shahidi. Mimi mwenyewe nilitaka kusema. Ile mechi tusiitaje mpaka mashindano yaishe, isije ikatutia nuksi."

"Nasema kweli."

"Na useme hivyohivyo Jumamosi," Dereva akasema akijifuta machozi. "Surua. Watavunjika mbavu."

"Jumamosi?"

"Hujaambiwa? Umo kwenye ratiba. Baada ya hotuba, Shahidi anasimulia, halafu ngoma."

Ndugu wasomaji, nilidanganya mara moja nikaaminiwa miaka kumi na minne. Nilisema kweli mara moja nikapigiwa makofi kwa utani mzuri. Ni Kamusi peke yake ambaye hakucheka. Alinitazama, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Nilikuwa najikusanya niseme tena, nishike Biblia au Kurani au chochote watakachoniletea, mara Mama Soksi akaita, "Shahidi, una mgeni."

Nikageuka. Mwalimu alikuwa mlangoni, mkoba begani, ametoka shule; siku zingine alikuja jioni, mashabiki wameshaondoka.

Alinishika mkono akanivuta nyuma ya marundo ya sponji. "Wamekuitaje?"

"Ni utani wa hapa tu."

"Fundi. Ni wewe?"

Nafasi ilikuwa hiyo. Sijapewa nyingine nzuri kama ile. "Ni mimi," nikasema, "lakini nisikilize kwanza."

Hakunisikiliza. Nilingoja kofi, nikakumbatiwa. Alilia begani kwangu mpaka shati likalowa, na kati ya kwikwi akawa ananitetea mwenyewe, mimi nisiyestahili kutetewa na mtu yeyote. "Ndiyo maana ulimwaga chai. Uliogopa. Ulikuwa na miaka kumi, mtoto wa miaka kumi angejuaje? Uliona mkono ukasema mkono. Sikukasirikii, Fundi. Nilikuwa namchukia huyo mtu, nilikuwa nalala namchukia, na kumbe ni wewe, na wala sikukasirikii."

"Mwalimu, subiri."

"Baba leo atalala." Simu ilikuwa tayari sikioni. "Baba? Tumempata. Ni Fundi. Ndiyo, Fundi wetu."

Upande wa pili kiti kikasogezwa. Kisha nikasikia, "Mpe simu."

Nikaipokea kwa mikono miwili.

"Mwanangu," mzee akasema. Jana nilikuwa kijana tu. "Neno moja nakuuliza. Damu uliiona?"

Mwalimu alikuwa ananitazama, uso umelowa, anatabasamu. Sponji zimetuzunguka, hata pa kukimbilia hapakuwepo.

"Niliiona, mzee."

Akashusha pumzi. Nilimsikia anajaribu kusema kitu, akashindwa, simu ikakatika. Nilijichukia sana siku ile, naomba mniamini katika hilo hata kama hamniamini katika mengine.

*

Ijumaa nzima nilitengeneza kiti cha kumi na moja. Sikuagizwa. Nilikivalisha rangi zilezile, nikakibana vizuri kuliko vyote, maana mikono ikiwa na kazi kichwa hupumua kidogo.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti wa tawi akavihesabu viti. "Fundi, nilikuagiza kumi."

"Kitambaa kilibaki," nikamjibu.

Wale wa zamani wakapanda jukwaani, vitambi na bakora, watu wanawashangilia kwa majina. Nahodha akapata makofi mengi kuliko wote. Kisha mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia Ukuta na koti lake lililopigwa pasi, binti yake amemshika mkono.

Nilimwona mtu wa safu ya mwisho akigusa sikio. Wa mbele yake akagusa. Ikapita safu kwa safu, na kicheko nyuma yake, mpaka ikafika mbele. Mzee alitembea hivyohivyo, polepole, akapanda, akakiona kiti cha kumi na moja, akakaa. Nahodha akaanza kukagua kucha zake.

"Nani kamwalika?" mtu akauliza kwa sauti.

"Mimi," nikasema.

Zikaja hotuba. Mmoja alisema tutatwaa kombe, mwingine akasema tuombe tusifungwe tano. Wakabishana kuhusu mfumo, mabeki watatu au wanne, wakabishana kama kocha angemwacha yule winga nyumbani. Mzee mmoja akasimama akasema tatizo letu ni moja, kila tukikaribia kuna mtu anatuuza, na wote wakamtazama Ukuta. Mimi sikusikia nusu ya maneno hayo. Nilikuwa nimesimama pembeni ya jukwaa, nabadilisha mguu wa kulia na wa kushoto.

"Shahidi," mwenyekiti akaita. "Panda."

Nikapanda. Wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo, maana hadithi wanaijua.

"Nilikuwa mabegani kwa mjomba," nikaanza, "nyuma ya goli. Nikamwona akishika sikio. Mara mbili."

Wakashangilia.

"Lakini sijawahi kuwaambia yote. Palikuwa na damu."

Kicheko kikakatika safu za mbele, kikachelewa kukatika za nyuma. Nikaendelea. Nikasimulia kiwiko, pamba, shingo iliyochafuka, mdomo wa nahodha unaocheza na kipa asiyesikia. Nilisimulia vizuri, Mungu anisamehe. Miaka kumi na minne ya mazoezi si haba. Kila neno lilikuwa kweli isipokuwa kwamba mimi niliona.

"Alishika sikio kwa maumivu," nikamaliza. "Hakuuza kitu. Tulimwonea, na mimi ndiye niliyeanza kumwonea."

Mama Soksi alikuwa ameweka tarumbeta lake mapajani, analia waziwazi. Dereva alikuwa amevua kofia. Nikamtazama mzee. Alikaa wima, mikono magotini. Nikajisemea labda imekwisha. Labda huu ni uongo wa kwanza maishani mwangu wenye faida kwa mtu.

Kamusi akasimama na daftari lake.

"Swali dogo, la kumbukumbu tu," akasema. "Shahidi, damu hukuwahi kuitaja hata siku moja. Na juzi ulituambia ulikuwa na surua. Mimi sisemi unadanganya. Nauliza tu, ilitoka sikio lipi?"

Watu wote wakanigeukia. Hata nahodha aliacha kucha zake.

Nilijaribu kufikiria. Kama kipa anatazama uwanja na mimi niko nyuma yake, na krosi imetoka upande gani sijui. Nilikuwa natafuta kumbukumbu isiyokuwepo. Nilichokikumbuka ni shuka ya bluu na mama akinipaka dawa mgongoni.

"Anafikiria nini?" mtu akanong'ona.

"La kushoto," nikasema.

Mzee akafumba macho.

Halafu akashika mikono ya kiti, akasimama, akautazama ukumbi mzima.

"La kushoto," akasema. "Nilidhani hakuna aliyeliona. Huyu alikuwepo."

Ukumbi ulilipuka. Watu walipanda jukwaani hata mwenyekiti akasukumwa pembeni. Mama Soksi alimshika mzee mikono yote miwili akimwomba radhi kwa niaba yake na ya marehemu mume wake. Nahodha alisogea, akasimama mbele yake, akainamisha kichwa. Kamusi akafuta kitu kwenye daftari lake. Vijana wakaanza kuimba jina la Ukuta, jina ambalo kwa robo karne lilikuwa tusi.

Mimi nilikuwa nimeshikilia meza nisianguke kwa raha. Nilibahatisha, mwenzenu. Nilibahatisha na nikapata.

Mwalimu akaja akasimama ubavuni kwangu. Alikuwa anapiga makofi kama wengine na anatabasamu kama wengine, anamtazama baba yake. Akasema bila kunigeukia.

"Baba aliumia sikio la kulia."

Nikadhani sijasikia kwa kelele zile.

"La kulia," akarudia. "Mimi ndiye ninayemtilia dawa tangu nina miaka saba."

"Labda kwa upande niliokuwa nimekaa..."

"Fundi, usinifundishe hesabu." Bado alikuwa anapiga makofi, mikono imeanza kuwa mizito. "Walimfuata mara ngapi wakamwambia kiri tu uliuza, tukusamehe, yaishe. Chama kilimwambia, majirani walimwambia, hata mama alimwambia. Neno moja tu la uongo apumzike. Akakataa. Leo amelisema."

Akanigeukia. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Amelisema kwa ajili yako."

Nikamtafuta mzee kwa macho. Watu walikuwa wamemzunguka, wanampiga picha, wanamvuta huku na huku, naye katikati ya vichwa vyote vile alikuwa ananitazama mimi tu. Akainua mkono. Wakanyamaza kumpisha.

"Njoo, mwanangu," akasema.

Ukumbi ukagawanyika nipite. Nilipomfikia akafungua mikono akanikumbatia, na watu wakapiga makofi upya, mwenyekiti akapaza sauti kwamba hiyo ndiyo picha ya gazeti la kesho. Alinibana kwa nguvu za kipa, uso wake shavuni kwangu, mdomo wake karibu na sikio langu.

"Cheka, wanatutazama," akaninong'oneza. "Cheka, halafu uniambie taratibu. Siku ile ulikuwa wapi?"